Kutoka Kituku hadi Kwa Mutwe: Kupanda Vilima vya Mawe kwa Baiskeli

Kila asubuhi pale Kituku, mjini Goma kando ya Ziwa Kivu, vijana huteremka na bidoni tupu na kupanda nazo zimejaa, lita ishirini kila moja, juu ya mawe ya volkano ambayo hakuna fundi aliyeyapanga. Wengine wana baiskeli, wengine chukudu za mbao. Mwambie mmoja wao kwamba kuna watu wanaofunga safari na kulipa nauli ili wakapande kilima cha mawe kwa baiskeli siku ya Jumapili, bila mzigo na bila malipo, atacheka. Kisha atauliza kilima chenyewe kiko wapi.

Kiko Kigali, kama kilomita 155 kwa barabara ukishavuka mpaka na kuingia Rubavu. Kinachosifika zaidi ni Kwa Mutwe, upande wa Nyamirambo, ambacho watu wa mbio wanakiita Mur de Kigali: mita 400 tu, ila mwinuko wake wa wastani ni asilimia 11, na chini ya magurudumu kuna pave, yaani mawe yaliyopangwa. Cha pili ni Kimihurura, kirefu zaidi, kilomita 1.3 kwa asilimia 6.3, nacho kina mawe. Tarehe 28 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda, na Kimihurura ilirudi katika kila mzunguko. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Walianza zaidi ya 160, wakafika mwisho 30.

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya hao 30. Umeandikwa kwa mtu mwenye kazi yake, baiskeli yake ya kawaida na marafiki wachache wa mtaani, wanaotaka kwenda kupanda mawe hayo kwa mwendo wao, wawe wamejiunga na safari iliyoandaliwa na klabu au wamejipanga wenyewe. Jambo moja litarudi mara nyingi hapa, kwa hiyo nilitaje sasa: kilima cha mawe hupandwa ukiwa umekaa. Mengine yote, upepo wa matairi, gia, mazoezi, hata chakula, yanatafutwa ili uweze kubaki kwenye kiti gurudumu la nyuma lisiteleze.

Hatua ya 1: Baiskeli uliyonayo huenda inatosha

Usianze kwa kununua. Baiskeli ya mlima, ile yenye matairi mapana na usukani ulionyooka, ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu wa kwanza kwenda huko, hata kama ni nzito. Baiskeli ya mbio yenye matairi ya milimita 23 itakutesa, na ukiweza kuingiza tairi la milimita 28 au 32 bila kugusa breki wala uma wa mbele, ingiza. Baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, ile ya kubebea mizigo sokoni, itafika chini ya kilima salama na itapanda ikikokotwa. Sisemi kwa dharau. Nasema ili ujue mapema.

Kabla ya kitu kingine, kagua vitu vinavyolegea kwa kutikiswa: nati za magurudumu, boliti ya kiti, boliti za usukani, kikapu cha chupa. Pave hufungua kila kilichokazwa nusunusu. Pitisha kidole kwenye spoki zote, ukizibonyeza mbilimbili. Ile inayolegea kuliko jirani zake ikazwe na fundi kabla ya safari, kwa sababu spoki moja ikikatika juu ya mawe, rimu hupinda na kuanza kusugua breki. Kengele na taa za bei rahisi vua. Zitaanguka tu.

Hatua ya 2: Punguza upepo

Hapa ndipo watu wengi hubishana na fundi. Ukimpelekea fundi wa barabarani baiskeli na kumwambia unaenda safari, atashika pampu na kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe lenyewe. Ana sababu yake: wateja wake hubeba magunia, na tairi laini chini ya gunia huharibika. Wewe huna gunia.

Tairi gumu juu ya mawe hurukaruka. Kila linaporuka, gurudumu la nyuma huwa hewani kwa kitambo kidogo, na nguvu unayoikanyaga wakati huo hupotea. Tairi lenye upepo wa kiasi hulala juu ya jiwe, likalikumbatia na kulisukuma. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 aanze na bar 4 hadi 4.5, yaani kati ya 58 na 65 kwa pampu yenye kipimo cha PSI. Kwa milimita 32, bar 3.5 hivi. Kwa tairi pana la baiskeli ya mlima, bar 2 inatosha. Gurudumu la nyuma lipewe kidogo zaidi kuliko la mbele, kwa kuwa ndilo linalobeba uzito wako mwingi. Ukiwa mzito zaidi, ongeza. Ukiwa mwepesi, punguza.

Kuna mpaka wa kupunguza. Upepo ukiwa mdogo mno, rimu hugonga jiwe na kuubana mpira wa ndani katikati, nao hutoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usimlaumu msumari. Jaribio lake ni rahisi: panda barazani, au kwenye ukingo wa jiwe la lava lenye pembe, ukiwa umeketi na uzito wako wote. Ukisikia chuma kinagonga, ongeza. Kama hakuna mlio na tairi linabonyea kidogo tu, acha hapo hapo, uandike namba kwenye karatasi ndogo na uibandike kwenye fremu, kwa sababu kesho yake mtu wa pampu atakuuliza tena na wewe utakuwa umesahau.

Hatua ya 3: Hesabu gia zako

Chukua idadi ya meno ya gia ndogo zaidi ya mbele, igawe kwa idadi ya meno ya gia kubwa zaidi ya nyuma. Jibu likiwa karibu na 1, una baiskeli ya kupandia Kwa Mutwe. Likizidi 1.5, jitayarishe kuteseka.

Tuifanye hesabu yenyewe. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 32 nyuma husogea kama mita 2.2 kila pedeli inapozunguka mara moja. Ukipanda kwa kilomita 8 kwa saa, miguu itazunguka mara 60 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuudumisha akiwa ameketi. Chukua sasa baiskeli ya mbio ya zamani, meno 42 mbele na 24 nyuma: kwa kasi ileile, miguu inazunguka mara 36 tu kwa dakika. Kila mkanyago unakuwa wa kusukuma kwa uzito wote, unalazimika kusimama, na ukisimama uzito unakwenda mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, linateleza. Hivyo ndivyo watu wenye mapaja makubwa wanavyoshindwa na kilima ambacho dada mwembamba mwenye gia ndogo amekipita akiongea.

Kubadilisha seti ya gia za nyuma kunagharimu zaidi kuliko kubadilisha tairi, lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua gia za nyuma zenye meno mengi. Hakikisha kwanza na fundi kwamba mkono wa kubadilishia gia unaweza kuzifikia. Si kila mkono unafika meno 32.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi Goma, juu ya lava

Watu wa Ulaya waliokuja Kigali mwaka 2025 walilazimika kuzoea hewa nyepesi ya miinuko. Wewe umezaliwa ndani yake. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na Kigali iko kwenye mwinuko unaolingana nayo. Na mawe unayo pia, tena mabaya kuliko ya Kigali: lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya 22 Mei 2021 ilisimama kwenye kingo zake upande wa Buhene. Vichochoro vingi bado vina ngozi ileile nyeusi, yenye makali, isiyo na mpangilio.

Kinachokosekana Goma ni kilima kirefu kilicho karibu na salama. Sitamshauri mtu apande barabara ya Kibumba kwa mazoezi kutokana na hali ya usalama, hata kama mwinuko wake unatamanisha. Baki mjini, mchana, mahali unapojulikana. Tafuta mteremko wowote wa mita mia moja au mia mbili: njia zinazotoka ufukweni Kituku kuelekea barabara ya Sake, au vichochoro vya Himbi. Mfupi unatosha, kwa sababu utarudia.

Mpango wa wiki sita, mara mbili kwa wiki. Panda umeketi kwa dakika tatu. Mteremko ukiisha kabla ya hapo, geuka, shuka polepole, panda tena mpaka dakika tatu zitimie. Pumzika dakika tano. Rudia mara tano. Kwa nini tatu? Mita 400 kwa kilomita 8 kwa saa ni dakika tatu kamili, basi mwili utakuwa umejifunza urefu wa Kwa Mutwe bila kuiona. Kimihurura, kwa kilomita 10 kwa saa, itakuchukua karibu dakika nane. Kwa hiyo kuanzia wiki ya nne ongeza siku ya tatu, ya kukanyaga dakika nane bila kusimama, mara mbili, kwenye lami ya barabara ya Sake asubuhi kabla ya malori.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa ambacho Kituku haina. Chukua bidoni ndogo ya lita kumi, ijaze maji nusu, ifunge vizuri kwenye kibebeo cha nyuma. Usijaze yote. Maji nusu huyumba ndani, na kila unapokanyaga kwa kushtuka utasikia yanagonga ukuta wa bidoni na kuivuta baiskeli pembeni. Panda mteremko ukijaribu kuyanyamazisha. Mguu ukikanyaga kwa duara, bila kupiga, maji hutulia. Mguu ukipiga, yanakusema. Juu ya pave hakuna atakayekusema, utateleza tu, kwa hiyo afadhali umsikilize msema kweli huyu mapema. Zoezi hili lifanywe polepole, bila kushuka kwa kasi na mzigo huo.

Tena, watazame watu wa chukudu. Sanamu yao ya dhahabu iliwekwa kwenye mzunguko wa barabara mjini mwaka 2009, na ilistahili. Mtu anayeteremsha mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa kwa chombo cha mbao, akifunga breki kwa mguu juu ya kipande cha mpira cha gurudumu la nyuma, ana elimu ya mawe isiyofundishwa na klabu yoyote. Angalia anatazama wapi: mbali, mita kumi mbele, kamwe hatazami jiwe lililo chini ya gurudumu, maana hilo tayari limepita mikononi mwake. Angalia mzigo umekaa wapi: chini, na nyuma. Angalia mikono: imeshika bila kubana. Hayo matatu ndiyo utakayoyahitaji Kigali.

Hatua ya 5: Kuvuka na kufika

Saa na masharti ya mpakani si vitu vya kukariri. Siku mbili kabla ya safari, uliza pale Petite Barrière au kwa wafanyabiashara wanaovuka kila siku: hati ipi inakubaliwa, mpaka unafungwa saa ngapi, na baiskeli inaandikwa vipi. Piga picha ya namba ya fremu. Mwenye risiti ya baiskeli abebe. Asiye nayo abebe subira.

Usiende Kigali kwa kukanyaga siku moja kabla. Barabara ya Rubavu, Musanze, Kigali ni ya milima mfululizo na itakula miguu uliyoitunza wiki sita. Kuna watu wanaopenda mateso ya namna hiyo, na wana mbio zao: Race Around Rwanda, kama kilomita elfu moja za kuzunguka nchi. Wewe panda basi. Ondoa gurudumu la mbele na pedeli, funga mnyororo kwa kitambaa ili usipake wenzako mafuta, na uwe kituoni mapema uzungumze na kondakta kwa heshima kabla abiria hawajajaa. Baiskeli hupata nafasi kwa aliyewahi.

Fika Jumamosi mchana. Jioni tembea kwa miguu, au panda moto, yaani pikipiki ya abiria, ukaone kilima chenyewe. Kukitazama tu kunatosha.

Hatua ya 6: Chakula na maji

Kula ulichozoea. Jumamosi jioni ugali au viazi na samaki wa sambaza, chumvi ya kutosha, pilipili kidogo. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza, ndizi mbili na mkate na chai yenye sukari. Usijaribu kitu kipya kwa sababu umekiona kwenye kioo cha duka la Kigali.

Maji beba chupa mbili. Mtu wa Kituku anajua maji ya ziwa yanavyoleta kipindupindu, na anawajua wale wanaokaa ufukweni wakitia klorini kwa sindano ndani ya kila bidoni. Shika adabu hiyohiyo safarini: maji yaliyotibiwa, au ya chupa iliyofungwa. Tumbo likikuharibikia juu ya pave, hakuna gia itakayokuokoa. Kunywa kwenye lami tu. Juu ya mawe mikono yote miwili ina kazi.

Hatua ya 7: Panga mzunguko

Mzunguko wa mji uliotumika kwenye mashindano ya dunia una kilomita 15.1. Ulianzia na kuishia Kigali Convention Centre, ukapita kilima cha Golf, mita 800 kwa asilimia 8.1, kisha Kimihurura. Wanaume waliupita mara kumi na tano, na katikati wakatolewa kwenda Mont Kigali, kilomita 5.9 kwa asilimia 6.9, kisha Mur, yaani Kwa Mutwe. Ni huko Mont Kigali ambako Pogačar alitoroka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita mia moja.

Kwa kikundi chenu napendekeza hivi: mizunguko miwili, jumla kilomita 30 hivi, ambamo Golf na Kimihurura zitakuja mara mbili kila moja. Wa kwanza ni wa kujifunza, hata kama una nguvu za kumwaga. Pumzikeni nusu saa, kuleni. Halafu nendeni Nyamirambo bila haraka, mkapande Kwa Mutwe mara moja, kama kitu cha mwisho cha siku. Wanaotaka Mont Kigali waende baada ya wenzao kukubaliana mahali pa kukutana.

Kumbuka barabara hizi ni za watu. Siku ambayo hazijafungwa kuna pikipiki za kila namna, na ni lazima mpande upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenzake. Kikundi kikubwa kizungumze na polisi wa barabarani kabla. Tangu 2016 Kigali ina Jumapili za Car Free Day, ambazo asubuhi baadhi ya barabara hufungwa kwa magari. Mkiweza kuilenga Jumapili hiyo, mtaanza kwa mguu mzuri hata kama njia yote mnayoitaka haimo ndani yake. Kofia ya baiskeli si hiari.

Hatua ya 8: Kupanda

Unakaribia Kimihurura. Badilisha gia ukiwa bado kwenye lami. Hili watu hulisikia, wakaitikia, kisha wakalisahau. Mnyororo ukibadilishwa juu ya mawe huku umekazwa kwa nguvu unaweza kuruka au kukatika, basi ingia kwenye pave ukiwa tayari na gia ndogo kuliko unayodhani unaihitaji. Mita chache za kwanza utajiona mpumbavu, miguu inazunguka kwa kasi. Baada ya mita mia moja utaishukuru.

Rudi nyuma kidogo kwenye kiti. Inamisha kifua kuelekea usukani, lakini kwa kukunja viwiko, makalio yasisogee mbele. Kifua kinazuia gurudumu la mbele lisiinuke. Makalio yanabana la nyuma chini. Shika sehemu ya juu ya usukani kama unavyomshika mtoto mkono barabarani, asitoroke na asiumie. Baiskeli itatikisika chini yako. Iache itikisike. Anayejaribu kuituliza kwa mikono ndiye anayeifanya iyumbe.

Tazama mbali. Pave huwa na mgongo katikati na kuzama pembeni, ambako maji hupita na kuacha mchanga. Mgongoni mawe kwa kawaida yamekaa imara zaidi, na pembeni hukutana na mfereji. Kama barabara imefungwa, panda mgongoni. Kama kuna magari, baki kulia kwako, chagua mstari mmoja na uufuate, kwa maana kila kona unayokata juu ya mawe hukugharimu kasi ambayo huna.

Pumua kwa sauti. Nani anakusikia? Theluthi ya kwanza panda kwa aibu, ukiachwa na wenzako. Ya pili utaanza kuwakuta. Ya mwisho, ukiwa na kitu kilichobaki, ongeza mizunguko ya miguu badala ya kubadili gia. Kwa Mutwe hasa, asilimia 11 ni wastani: kuna sehemu ndani yake ambapo kilima hukaza ghafla, na hapo ndipo kila mtu hutamani kusimama kwenye pedeli. Usisimame. Songa mbele kwenye ncha ya kiti, vidole viwili tu, kisha endelea kukanyaga. Ncha ya kiti inauma, lakini kwa dakika moja utaivumilia.

Watu wa mtaani watashangilia, na watoto watakukimbilia ubavuni. Furahia, ila usijibu kwa kupunga mkono.

Hatua ya 9: Ukisimama

Kusimama hutokea zaidi kwa sababu ya aliye mbele yako. Yeye anateleza, anaweka mguu chini, nyote nyuma mnakwama. Acha nafasi ya baiskeli tatu.

Ukikwama, shuka, sogea kando, kokota. Huko Flanders, Ubelgiji, kuna kilima cha mawe kinaitwa Koppenberg, mita 600, chenye mahali panapofika asilimia 22. Mabingwa wa kulipwa wamekokota baiskeli zao humo mbele ya televisheni. Mwaka 1987 Jesper Skibby wa Denmark alianguka humo na gari la wasimamizi likapita juu ya baiskeli yake, kilima kikaondolewa kwenye mbio za Flanders kwa miaka kumi na tano. Kukokota hakumpunguzii mtu chochote, mradi asizibe njia.

Kuanza tena kwenye mwinuko ni kazi ngumu kuliko kupanda. Usielekeze baiskeli juu moja kwa moja. Iweke kimshazari, pedeli ya mguu wenye nguvu ikiwa juu kidogo mbele, breki zimefungwa, keti, kanyaga, achia breki, kisha nyoosha polepole. Kama kuna rafiki, akushike kiti kwa sekunde mbili. Mahali pakiwa pakali mno, tembea mpaka panapolegea. Mita ishirini za miguu ni bora kuliko kuanguka mara tatu.

Hatua ya 10: Kushuka, na mvua

Ajali nyingi ziko kwenye kushuka, wakati roho imeshasherehekea. Pedeli zote mbili ziwe sawa kwa urefu, makalio yainuke kidogo na kurudi nyuma, magoti yawe laini. Breki ifungwe mapema, kwa zote mbili, kwa kubana na kuachia. Ya mbele isikamatwe ghafla juu ya jiwe. Ukiona umeshika kasi usiyoitaka, umeshachelewa, basi nyoosha njia kwanza kisha funga breki, usifanye yote mawili kwenye kona.

Mvua ikinyesha, ahirisha Kwa Mutwe. Sina maelezo marefu ya hilo. Mawe yaliyolowa yana utando wa vumbi na mafuta ya pikipiki, na dakika kumi za kwanza za mvua ndizo mbaya kupita zote. Hatua ya mwisho ya mbio za Tour du Rwanda za 2025 ilikatizwa mjini Kigali kwa sababu ya mvua kubwa, na waendeshaji wale walikuwa wanalipwa. Nyinyi kaeni mnywe chai. Ikikatika na jua likatoka, mawe hukauka upesi kuliko mitaro ya pembeni.

Hatua ya 11: Kabla ya kurudi mpakani

Pitisha tena kidole kwenye spoki. Kagua ukuta wa matairi, mahali mpira unapokutana na rimu, kama kuna mpasuko. Kaza boliti za usukani. Viganja vikiwa na malengelenge usivipasue. Vifunge kwa kitambaa safi. Mikono ikifa ganzi usiku huo ni kawaida, lakini ikiwa vidole viwili vya mwisho bado vina ganzi kesho kutwa, punguza kushika na umwone mhudumu wa afya.

Jaza tena tairi la nyuma liwe gumu kabla ya kuvuka, kama baiskeli ndiyo itakayobeba maji Jumatatu asubuhi. Na karatasi yenye namba za pampu usiitupe; iandike jina la kilima na tarehe, kwa sababu msimu ujao utakuwa na tairi jingine, uzito mwingine, na mdogo wako atataka kujua mlianzia wapi.